Je, Damu ya Mtoto Aliyeona Vita Imeharibika?

(Mazungumzo ya mwalimu wa shule ya msingi mbele ya wazazi, viongozi wa zoni na wafanyakazi wa mashirika, katika kuadhimisha Siku ya Mtoto wa Afrika, tarehe 16 Juni.)



Kwa kawaida siku kama ya leo mwalimu huombwa aeleze habari za Soweto mwaka 1976, jinsi wanafunzi walivyopigwa risasi kwa kukataa kufundishwa kwa Kiafrikana. Kisha watoto husoma ngonjera, tunapiga makofi, tunakwenda nyumbani. Safari hii niliomba mwenyewe niseme juu ya jambo jingine, nalo si jepesi. Nitasema juu ya watu wazima wanaojiua, na juu ya yale yaliyowapata walipokuwa watoto.

Sababu yake mnaijua. Mwaka jana tulikuwa na semina ya afya ya akili, nami nilikuwepo. Mtoa mada alieleza kwamba wataalamu wameona alama katika miili ya watu waliopata mateso utotoni, na kwamba alama hiyo imeonekana kwa baadhi ya watu waliojiua. Alisema kwa uangalifu. Lakini maneno yakitoka semina hayatembei kama yalivyozaliwa. Yalipofika bombani yalikuwa tayari yamekuwa "kuna kipimo cha damu". Yalipofika sokoni yakawa kwamba mtoto aliyeona vita damu yake imeharibika, akikua atajiua, na wanawe hivyo hivyo. Baada ya wiki mbili nikasikia kwamba atakayekutwa na alama hatapelekwa nchi ya tatu.

Mnaweza kucheka, lakini kuna posa iliyovunjika kwa maneno hayo. Kaka wa yule kijana alikuwa amejiua, na upande wa binti wakasema ukoo ule umeandikwa. Kadhalika, katika kikao kimoja ambacho sitakitaja, lilitolewa pendekezo kwamba kila shule iandike orodha ya watoto waliopatwa na mambo mabaya, ili "wafuatiliwe mapema". Nia inaweza kuwa njema. Kisha mama mmoja akaja darasani kwangu baada ya masomo, amemshika mkono mwanawe wa miaka 9, akaniuliza kwa sauti ya chini: "Mwalimu, huyu naye ameandikwa?"

Sikuwa na jibu. Chuo cha ualimu kilitufundisha saikolojia ya mtoto kwa muhula mmoja, na mengi yalikuwa ya kukariri. Nilimwomba ndugu mmoja wa shirika anichapie makala za wataalamu wenyewe, nikazisoma usiku kwa taa ya sola, kamusi pembeni, miezi minne. Ninayoyasema leo ni yale niliyoyaelewa, na lengo langu ni kumjibu mama yule.

Tuanze na mwili. Mnajua filimbi ya sungusungu. Mlinzi akiona hatari usiku anapuliza, na kila mtu anaamka. Jambo zuri. Lakini lazima pawepo mtu wa kuisikia na kusema: basi, tumeamka, mwizi amekimbia, acha kupuliza. Mwili una filimbi yake. Mtu akiogopa, ubongo hutuma ujumbe kwenye tezi mbili zilizo juu ya figo, nazo hutoa homoni iitwayo kortisoli. Moyo unajiandaa, sukari inapanda, macho yanakaa macho. Kisha kortisoli hiyo hiyo hurudi ubongoni, na pale kuna vipokezi vinavyoipokea na kuamuru filimbi inyamaze. Vingi vya vipokezi hivyo viko katika sehemu ya ubongo iitwayo hipokampasi, inayohusika pia na kumbukumbu. Vipokezi vikiwa vichache, filimbi inaendelea kulia wakati mwizi ameshaondoka zamani.

Sasa, vipokezi hutengenezwa kwa kufuata maagizo yaliyo katika jeni, yaani yale maandishi ya urithi tunayopewa na baba na mama. Maandishi hayo hayabadilishwi na maisha. Lakini juu yake mwili unaweza kubandika vifungo vidogo vya kemikali viitwavyo methili. Fikirieni kitabu ambacho baadhi ya kurasa zake zimebanwa kwa pini. Maneno yote yamo, hakuna lililofutwa, ila ukurasa uliobanwa hausomeki kwa urahisi.

Mwaka 2009 wataalamu wa Montreal, Kanada, wakiwemo Patrick McGowan, Moshe Szyf, Gustavo Turecki na Michael Meaney, walitoa matokeo ya uchunguzi wa bongo za marehemu 36. Huko ipo hifadhi ya bongo za watu waliojiua, zilizotolewa kwa ridhaa ya familia zao. Marehemu 12 walikuwa wamejiua na walikuwa wameteswa au kutelekezwa vibaya utotoni. Wengine 12 walikuwa wamejiua lakini hawakuwa na historia hiyo. Na 12 walikuwa wamekufa kwa sababu nyingine, bila historia ya mateso. Walipotazama jeni inayotoa maagizo ya kile kipokezi, waliona kwamba kundi la kwanza lilikuwa na pini nyingi zaidi, na vipokezi vichache zaidi.

Naomba hapa tusimame kidogo, kwa sababu hapa ndipo uvumi wetu ulipopotea njia. Je, lile kundi la pili, la watu waliojiua lakini hawakuteswa utotoni, lilikuwaje? Lilikuwa sawa na kundi la tatu. Hapakuwa na tofauti. Nilisoma sentensi hiyo mara tatu kuhakikisha kwamba Kiingereza hakinidanganyi. Maana yake ni kwamba alama iliyoonekana pale si alama ya kujiua. Ni alama ya utoto. Watu 12 walijiua wakiwa hawana alama hiyo, na yeyote anayetaka kutafuta "wanaoelekea kujiua" kwa kupima alama angewapita wote 12 bila kuwaona.

Tena tazameni mateso yenyewe yalikuwa gani. Kanada hapakuwa na vita. Marehemu wale walipokuwa watoto walipigwa kupita kiasi, au walinajisiwa, au walitelekezwa. Mambo ya nyumbani. Sisi hupenda kuseta kila kitu chini ya neno vita, kwa kuwa vita vililetwa na wengine.

Uchunguzi mwingine unasema hivyo hivyo kwa njia nyingine. Huko San Diego, Marekani, watu wazima 17,337 waliokwenda kwa daktari waliulizwa juu ya utoto wao: kama walipigwa, walitukanwa, walinajisiwa, kama mama alikuwa akipigwa, kama nyumbani palikuwa na mlevi, mgonjwa wa akili, mfungwa, au wazazi walitengana. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2001 yalionyesha kwamba kila moja ya mambo hayo liliongeza hatari ya kuwahi kujaribu kujiua kwa mara 2 hadi 5, na yakijikusanya kwa mtu mmoja hatari ilipanda zaidi sana. Hilo ni kweli, na si haki kulificha. Lakini kati ya watu wote wale, waliowahi kujaribu walikuwa chini ya 4 katika kila 100. Wengi waliopita katika moto huo hawakujaribu kamwe.

Mtauliza: na sisi, watu wa vita? Tumepimwa. Mwaka 2012 ulitolewa uchunguzi uliofanyika Goma, upande wetu wa Kongo, kwa akina mama 25 na watoto wao waliozaliwa siku hizo. Walipima damu ya kitovu. Akina mama waliokuwa wamebeba mambo mazito zaidi, pamoja na mambo ya vita, watoto wao walikuwa na pini nyingi zaidi kwenye jeni hiyo hiyo, na uzito wao wa kuzaliwa ulikuwa mdogo. Mwaka 2014 ukatolewa mwingine juu ya akina mama wa Kitutsi waliokuwa wajawazito wakati wa mauaji ya kimbari ya Rwanda ya mwaka 1994, pamoja na watoto wao ambao walikuwa wameshakuwa wakubwa. Walilinganishwa na akina mama wa kabila hilo hilo waliokuwa wajawazito wakati ule lakini hawakupatwa na mauaji. Kwa waliopatwa, mama na mtoto, pini zilikuwa nyingi zaidi. Jambo la ajabu ni kwamba kortisoli yao haikuwa juu, ilikuwa chini. Filimbi iliyolia mno huchoka pia. Ndiyo maana namwogopa mtu anayesema kwamba mambo haya ni rahisi.

Katika hizo tafiti mbili hakuna aliyehesabu waliojiua. Hakuna mtoto wa Goma aliyeambiwa kwamba atajiua. Zilihusu watu wachache, na damu si ubongo. Na katika tafiti nyingine za jeni hiyo zilizofuata, matokeo hayakulingana kila mara. Mwaka 2017 Joseph Franklin na wenzake wa Marekani walikusanya tafiti 365 za muda wa miaka 50 zilizojaribu kutabiri nani atajiua au atajaribu. Waliona kwamba viashiria vilivyotumika, kimoja kimoja, vilitabiri kwa kiasi kidogo tu kupita kubahatisha. Kwa hiyo ndugu zangu wa lile pendekezo la orodha, nawaheshimu, lakini mtaandika nini? Mtaandika majina ya darasa zima. Kisha orodha itasomwa na nani, itawekwa kabati gani, itatoka lini kwenda bombani? Watoto wetu hawana alama inayoonekana. Orodha ndiyo itakayowapa alama. Naiomba Kamati ilikatae pendekezo hilo waziwazi na kuliandika katika kumbukumbu za kikao.

Sasa nije kwenye habari ya panya. Kabla ya bongo za Montreal, Meaney na wenzake walikuwa wameona kwamba panya wengine huwalamba sana watoto wao na wengine huwalamba kidogo. Watoto waliolambwa kidogo walikuwa na pini nyingi, wakakua waoga. Je, waliurithi uoga huo kwa damu? Walichukua watoto wa mama asiyelamba, tangu siku ya kuzaliwa, wakawapa mama anayelamba. Watoto wale wakakua na pini chache, kama watoto wa mama yule mlezi. Hayo yalichapishwa mwaka 2004. Katika kazi hiyo hiyo waliweza hata kuzipunguza pini za panya aliyekwisha kuwa mtu mzima, kwa dawa iliyoingizwa ubongoni. Dawa hiyo si ya kumpa binadamu, asije mtu kuiulizia zahanati. Nataja ili mjue kwamba kilichobanwa kinaweza kubanduliwa.

Mtu si panya, nakubali. Lakini kule Bucharest, Romania, kuanzia miaka ya 2000, watoto wadogo 136 waliokuwa wakilelewa katika vituo vya yatima walifuatiliwa, na nusu yao walipewa familia za malezi kwa kura. Walipofika umri wa miaka 12 hivi walipimwa jinsi miili yao inavyopokea hofu. Waliobaki vituoni miili yao iliitika kidogo mno. Waliopata familia kabla ya kutimiza miaka 2 hivi waliitika karibu sawa na watoto waliolelewa na wazazi wao. Kwa waliochelewa haikuwa hivyo, nami sitapaka sukari.

Nilipofika hapo niliiweka makala chini. Nilivuka Ziwa Tanganyika mwaka 1996 nikiwa na miaka 7, na si pamoja na wazazi wangu. Baadhi yenu mlikuwa katika boti ile. Kambini nilipewa mama mlezi, mjane kutoka Fizi mwenye watoto wake watatu. Nilikuwa nikipiga kelele usiku. Hakuniuliza kitu, wala hakunikemea. Aliamka, akachochea moto, akaweka maji, tukakaa hadi yapate moto, akaninawisha uso, tukalala. Kuni zilikuwa za kutafuta mbali, mnajua. Alifanya hivyo kwa muda wa mwaka na zaidi. Niliporudishwa Baraka mwaka 2006 alibaki hapa. Nilipokimbia mara ya pili, mwaka 2013, nilikuta amefariki. Hakuwahi kusikia neno jeni.

Nami, mtoto wa mama yule, mwaka 2016 nilimpiga mvulana wa darasa la tatu kwa kuchelewa. Viboko vinne. Hakulia. Alikauka kama mti, macho yakaangalia mahali ambapo hapakuwa na mtu. Niliyajua macho yale. Sisemi kwamba viboko vinne ni sawa na mateso ya wale marehemu wa Montreal. Ningekuwa naongeza chumvi. Nasema tu kwamba sikujua mvulana yule alikuwa amekwisha kubeba vingapi kabla ya vyangu. Walimu wenzangu, tunaweza kuendelea kubishana juu ya fimbo, lakini tusibishane kana kwamba kila mtoto anaanzia sifuri.

Yabaki ya watu wazima, kwa kuwa wengi wetu hapa tulikwisha kukua na hatuna tena umri wa kunawishwa uso.

Mwaka 2019 tulimpoteza mwalimu mwenzetu. Sitamtaja, na jinsi alivyokufa haina maana kuisema. Majuma mawili kabla, alikuwa akigawa vitu. Redio alimpa jirani. Madeni ya sokoni alilipa, hata ya shilingi mia tano. Kwingine watu wangeshtuka, lakini hapa kambini anayegawa vitu huwa amepata safari. Tulimpongeza. Mimi nilimuuliza kwa utani ni nchi gani, akacheka. Baadaye walisema ni laana ya ukoo, na wengine hawakukaa matanga. Mama yake alikaa siku tatu karibu peke yake, na hilo nalo ni mateso, na nyumbani mle kulikuwa na watoto waliokuwa wakitazama nani anakuja na nani haji.

Miaka mitatu baadaye, kijana niliyemfundisha zamani alinirudishia kamusi. Nikamwambia akae nayo bado. Akasema haihitaji tena, na baiskeli ameshampa mdogo wake. Safari hii sikuuliza ni nchi gani. Nilifunga mlango wa darasa nikamuuliza kama nilivyofundishwa kwenye semina, kwa maneno yenyewe: "Unafikiria kujiua?" Ulimi ulikuwa mzito, kwa sababu nami nilikuwa na imani ya wengi kwamba ukilitaja neno hilo unamtia mtu wazo. Shirika la Afya Duniani linasema sivyo. Kumuuliza mtu hakumtii wazo, na mara nyingi kunampunguzia mzigo. Alikaa kimya muda mrefu. Akasema ndiyo. Sikumhubiria. Sikumwambia wapo wenye shida kuliko yeye. Nilimwomba tusiachane jioni ile, nikamtuma mtoto amwite mjomba wake, mjomba akaondoa nyumbani vitu vya hatari, na asubuhi tukaenda watatu kituo cha afya. Hakupona kwa siku moja. Kuna wiki alizokuwa mbaya kuliko mwanzo, na kuna siku alinikasirikia kwa kumsemea. Yuko hai.

Wafanyakazi wa mashirika, neno moja kwenu. Mtu akifika kituoni na tatizo hili akaambiwa arudi Jumatatu, huenda hatarudi. Tafadhali pawepo mtu wa kumpokea hata siku ya mgao, na wahudumu wasimuulize mlangoni mbele ya foleni amekuja kwa nini. Wapo wanaoogopa polisi, wapo wanaoogopa mafaili yao.

Kwa mama yule aliyekuja na mwanawe, jibu langu lilichelewa miezi minne. Nilimwambia: mwanao hajaandikwa. Yaliyompata yanaweza kuwa yamebana kurasa fulani, na hakuna wa kumpima hapa, wala kipimo hicho kisingetuambia atakufa vipi. Akaniuliza basi afanye nini usiku akipiga kelele. Nikamweleza habari za moto na maji.

Walimu na wazazi wanaotaka kuendelea na mazungumzo haya, tunakutana kila Alhamisi saa kumi alasiri katika darasa la tatu B. Anayeona haya kuonekana anaingia, apitie mlango wa nyuma, haufungwi.